Nganda, Saa na Sashe: Amri za Pombe Butembo na Beni

Biashara ya pombe Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, haiongozwi na sheria moja. Juu kabisa kuna sheria za taifa: ushuru, afya, ulinzi wa watoto. Chini yake yapo maamuzi ya gavana wa Kivu Kaskazini. Chini zaidi, lakini karibu zaidi na mlango wa nganda, yaani baa ndogo ya mtaani, zipo amri na matangazo ya meya, yanayosomwa redioni na kubandikwa kwenye ofisi za komini, sehemu za kiutawala za mji. Mwenye nganda wa Kimemi mjini Butembo, au wa Mulekera mjini Beni, anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuuona ukurasa wa sheria ya taifa. Tangazo la meya haliwezi kumpita, maana atakayemkumbusha ni askari polisi.

Amri hizi za mitaa zina sura nne. Ya kwanza hupanga saa: nganda isifunguliwe asubuhi, isiendelee usiku baada ya muda uliotajwa. Ya pili hukataza kinywaji chenyewe, hasa pombe kali ya kuchemshwa na ile ya vipakiti inayoitwa sashe. Ya tatu huhusu mahali: karibu na shule, kanisa, hospitali au kambi. Ya nne humlenga mnywaji: mtoto, mwanajeshi, polisi mwenye silaha. Katika miji hii miwili sura ya kwanza ndiyo inayotumika kuliko zote, na sababu zake hazihusiani sana na pombe.

Mizizi ya makatazo haya ni ya zamani kuliko miji yenyewe. Mkataba Mkuu wa Brussels wa 2 Julai 1890, uliotiwa saini na mataifa ya Ulaya pamoja na wengine, ulichora ukanda mpana wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, na kuzuia pombe kali isiingizwe mahali ambapo ilikuwa bado haijazoeleka, na kuitoza ushuru mahali ilipokwisha kuingia. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 10 Septemba 1919 ukaongeza makali. Katika Kongo ya Wabelgiji matokeo yake yalikuwa ubaguzi wa chupa: Mzungu alikunywa wiski, Mwafrika aliruhusiwa bia, na konyagi ya kienyeji ilikuwa kosa kwa anayeichemsha na kwa anayeinywa. Vizuizi hivyo vililegezwa katika miaka ya 1950, uhuru ukikaribia. Kilichobaki ni desturi ya utawala: pombe inatazamwa kama suala la utulivu wa mitaa ya wenyeji, na mwenye kuamua ni mtawala wa eneo, kwa sahihi yake.

Desturi hiyo bado inaonekana katika sheria ya leo. Sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008, inayopanga miji, komini, sekta na usultani, inampa meya jukumu la kulinda utulivu, usalama na usafi wa mji, pamoja na uwezo wa kutoa kanuni za polisi na adhabu ndogo. Sheria hiyohiyo inataka mji uwe na baraza la kuchaguliwa, ambalo lingejadili kanuni na kumuuliza meya maswali. Baraza hilo Butembo na Beni limebaki kwenye karatasi. Tangu katiba ya 2006 uchaguzi wa ngazi ya chini uliahirishwa mara kwa mara, na ulipofanyika kwa sehemu Desemba 2023, ulihusu miji michache. Kwa hiyo amri ya pombe haijawahi kupita mbele ya madiwani wanaojua ni kina mama wangapi katika mtaa wao wanaoishi kwa kuuza kasiksi, pombe ya ndizi. Hutoka ofisini ikiwa imekamilika, hudumu kadiri meya anavyodumu au kadiri watu wanavyoikumbuka, na mara nyingi haifutwi rasmi, huzimika tu.

Mei 2021 mambo yalikazwa zaidi. Rais Félix Tshisekedi alitangaza utawala wa dharura wa kijeshi, ambao kila mtu huuita état de siège, katika mikoa ya Ituri na Kivu Kaskazini, kuanzia tarehe 6 ya mwezi huo. Mamlaka ya viongozi wa kiraia yalihamia kwa maofisa wa jeshi na polisi. Katika miji yote miwili umeya ulikabidhiwa maofisa wa polisi, bunge la mkoa likasimamishwa, na kesi za jinai zikapelekwa katika mahakama za kijeshi. Kikatiba hali hiyo huanza kwa siku 30 na kurefushwa kila baada ya siku 15, na hivyo ndivyo ilivyorefushwa, mwaka baada ya mwaka. Chini ya utaratibu huo, anayetoa amri ya saa za nganda, anayeituma doria na anayepokea ripoti ya waliokamatwa wako katika safu moja ya vyeo. Amri hutoka haraka. Kuikatia rufaa, kwa mwenye meza sita na friji moja, ni jambo ambalo halipo.

Utaratibu huo haukuwa bila sababu. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza Oktoba 2014, yakihusishwa hasa na waasi wa ADF wenye asili ya Uganda, na tangu hapo usiku wa Beni umekuwa na sheria zake. Amri za kutotoka nje jioni, pikipiki kuzuiwa baada ya giza na vizuizi barabarani vilizoeleka miaka mingi kabla ya 2021. Nganda iliingia katika hesabu hiyo kwa njia mbili. Kwanza, inakusanya watu usiku. Pili, inawakusanya askari. Mwanajeshi aliyelewa akiwa na bunduki begani ni hatari kwa jirani kuliko mlevi mwingine yeyote, na katika miji iliyojaa wanajeshi wa taifa (FARDC), polisi, wanamgambo wa Wazalendo na, tangu Novemba 2021, vikosi vya Uganda vya operesheni Shujaa katika eneo zima la Beni, hofu hiyo ina msingi.

Siku mbili za 2021 zilitia muhuri uhusiano wa nganda na usalama. Jumapili ya 27 Juni bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni, na jioni yake mtu akajilipua karibu na baa. Meya, ofisa wa polisi, alifunga shule, makanisa na masoko kwa siku mbili na kuwataka watu wabaki majumbani. Halafu ikaja Krismasi. Jioni ya 25 Desemba mshambuliaji alizuiwa na walinzi mlangoni pa mgahawa wa In Box, katikati ya Beni, akajilipua hapohapo huku familia zikisherehekea ndani. Watu wasiopungua sita waliuawa. Baada ya hapo msemaji wa gavana aliwasihi wakazi waepuke mahali penye mikusanyiko wakati wa sikukuu. Tangu siku hiyo, kupinga amri ya kufunga nganda mapema mjini Beni kunamfanya mtu aonekane kana kwamba anatetea starehe dhidi ya uhai.

Hapo ndipo tatizo la kiuchambuzi linapojitokeza. Amri iliyotungwa ili kuzuia bomu au risasi hutumika pia kama sera ya pombe, bila kutungwa kwa ajili hiyo. Inapima mafanikio kwa idadi ya nganda zilizofungwa saa inayotakiwa, wala haipimi kiasi cha pombe kilichonyweka, ajali za pikipiki, au wanawake waliopigwa nyumbani. Janga la korona liliiga muundo uleule. Machi 2020 Rais alifunga baa, mikahawa na kumbi nchi nzima. Zilifunguliwa tena 22 Julai. Desemba mwaka huo ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku. Mara zote hizo pombe haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kukaa pamoja. Miji hii ilikuwa tayari na mazoezi, maana ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika Ebola, iliyotangazwa 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo, Katwa na Mabalako.

Pombe inapozuiwa kwa kuzuia mkusanyiko, inahama tu. Kinachofuata kinaonekana katika mtaa wowote wa komini ya Bulengera, Butembo, au Bungulu, Beni, jioni ikikaribia. Muziki unapunguzwa, kisha unazimwa. Viti vya plastiki vinavyokaa barazani vinaingizwa ndani kimoja kimoja, makasha ya chupa tupu yanapangwa mlangoni kama ukuta, na taa ya nje inakufa. Wateja wanaoishi mbali wanatafuta motari, dereva wa pikipiki ya abiria, wa mwisho kabla bei ya safari haijapanda. Wanaoishi karibu wanabaki, safari hii uani, karibu na jiko, wakizungumza kwa sauti ya chini. Doria ikipita, mlango umefungwa kweli, na amri, kwa maneno yake, imetiiwa. Ikitokea kugongwa, mazungumzo ya mlangoni huwa mafupi na huishia kwenye franka. Faini isiyo na risiti ndiyo kodi ya pombe inayolipwa kwa uaminifu kuliko zote katika miji hii, na haifiki hazina ya mji. Mshahara wa polisi wa ngazi ya chini unajulikana ulivyo mdogo. Amri mpya yenye saa na adhabu humpa chanzo cha mapato ambacho aliyeitunga hakukusudia.

Bia ya chupa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa amri za saa, kwa sababu tu inaonekana. Ina friji, meza, bango la kampuni na malori yake. Primus na Mützig za Bralima, pamoja na Simba, Tembo na Skol za kundi la Castel, ambalo kupitia Brasimba lina kiwanda Beni kwenyewe, zinauzwa mahali penye jina na anwani. Zinatozwa ushuru na shirika la forodha, DGDA, na mkoa na mji nao hupata kodi na vibali. Ni biashara inayoweza kufungwa saa mbili usiku kwa sababu ina kitu cha kufunga.

Pombe inayodhuru zaidi haina mlango, ingawa si kila pombe isiyo na mlango inadhuru. Kasiksi, pombe ya ndizi inayonywewa Kivu yote, hutengenezwa nyumbani. Ndizi za kupikia pombe hufukiwa shimoni au kufunikwa kwa majani siku kadhaa mpaka ziive laini, hukamuliwa kwa nyasi, juisi huchujwa na kuchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa ichachuke siku moja hadi tatu. Matokeo ni kinywaji cha nguvu ndogo, kizito, chenye lishe kiasi, kisichodumu: kesho yake kinaanza kuwa siki. Kwa sababu hakidumu, huuzwa siku hiyohiyo na katika mtaa huohuo. Ndicho kinywaji cha posa, cha matanga na cha kazi za kusaidiana shambani. Ukiacha mlevi wa kawaida anayepatikana kila mahali, kasiksi haijawahi kuwa tishio kwa mji.

Kanyanga ni habari nyingine. Ni kasiksi, au pombe ya mahindi, muhogo au sukari, iliyopita motoni. Pipa la chuma hufungwa kwa udongo au unga ili mvuke usitoke, bomba la shaba hupita ndani ya maji baridi, na upande wa pili tone hudondoka kwenye galoni la njano. Ya mahindi na muhogo hujulikana nchini kama lotoko. Fundi mwenye ujuzi humwaga matone ya kwanza, kwa sababu ndiyo yanayobeba vitu vyepesi vyenye sumu. Fundi mwenye haraka, au anayelipwa kwa ujazo wa galoni, hayamwagi. Hakuna anayepima nguvu yake isipokuwa kwa kuiwasha kiberiti kijikoni na kutazama rangi ya moto. Na hatari kubwa kuliko hiyo hutokea mbele zaidi, pale muuzaji anapoongeza spiriti ya kiwandani, wakati mwingine methanoli, ili galoni moja liwe mawili. Mwaka 2010 pombe ya namna hiyo iliua watu wapatao 80 magharibi mwa Uganda, hasa wilaya ya Kabale inayopakana na Rwanda, si mbali na mpaka wa Kongo. Nchini Kenya mwaka 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika siku chache, kwa sababu hiyohiyo.

Kisha kuna sashe. Hesabu yake inafaa kufanywa polepole, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo makosa ya amri nyingi. Chupa kubwa ya bia ina sentilita 72. Kwa nguvu ya asilimia 5, ndani yake kuna mililita 36 za alkoholi halisi. Sashe ya mililita 100 yenye nguvu ya asilimia 40 ina mililita 40. Kipakiti kinachoingia katika mfuko wa shati, kinachomezwa kwa funda mbili tatu, kinazidi chupa nzima ya bia ambayo mtu huikalia saa moja, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya bia. Mwanafunzi wa sekondari hana fedha ya Primus wala mahali pa kuinywea asionekane. Ya sashe anayo, na hahitaji mahali. Motari anayengoja abiria alfajiri, kwenye baridi ya Butembo iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hufungua sashe kabla nganda yoyote haijafunguliwa. Kwake amri ya saa ni maneno matupu: hakuingia nganda.

Nchi jirani zilishalitambua jambo hili. Kenya ilipiga marufuku vipakiti mwaka 2004, Tanzania ikafuata kwa viroba kuanzia 1 Machi 2017, na Uganda ikasimamisha utengenezaji 31 Machi 2019, ikitaka pombe kali iwekwe katika chupa isiyopungua mililita 200. Sharti hilo la ujazo ndilo lenye akili zaidi katika sheria ya Uganda, kuliko neno marufuku lenyewe. Chupa ya mililita 200 ya asilimia 40 ina mililita 80 za alkoholi, na bei yake haiwezi kulipwa kwa chenji ya mtoto. Ila kwa mnywaji aliyekwisha kuwa mtumwa wa pombe, au kwa vijana watano wanaochanga, chupa hiyo ni bia kubwa mbili na zaidi katika mfuko mmoja wa koti. Kizuizi kilifanya kazi zaidi mlangoni pa shule kuliko kilivyofanya kwenye kituo cha pikipiki.

Kongo nayo ilitoa amri ya serikali namba 17/018 ya 30 Desemba 2017 inayokataza mifuko na vipakiti vya plastiki, kwa sababu za mazingira. Ingetekelezwa kwa ukamilifu, ingeua sashe bila kuitaja pombe hata mara moja. Lakini mazingira, biashara na usalama husimamiwa na ofisi tatu tofauti, na kila moja hungoja nyingine.

Ukweli wa kijiografia unazidisha ugumu. Kasindi, mpakani mwa Uganda, iko umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Beni kwa barabara namba 4, na kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, uliojengwa na watu wanaojua bei ya kontena Dubai na Guangzhou pamoja na njia za miguu za Ruwenzori. Pombe kali ya Uganda huingia kwa njia zote mbili: iliyolipiwa ushuru Kasindi, na iliyopita porini kwa baiskeli au mgongoni. Meya akipiga marufuku pombe kali mjini bila kitu chochote kubadilika mpakani, anachobadilisha ni faida. Muuzaji anapandisha bei kidogo kufidia hatari, anaweka sashe chini ya sabuni na kiberiti, na mteja wake ni yuleyule. Mwingizaji mkubwa, ambaye ghala lake linajulikana, hana la kuogopa, maana doria inapita mtaani wala haipiti ghalani. Ni rahisi kumkamata mama mwenye galoni moja kuliko kuuliza makasha mia yalitoka wapi.

Mama huyo hastahili kutajwa kwa kupita. Katika mitaa ya pembeni ya miji hii, pombe ya kienyeji ni kazi ya wanawake kuanzia ndizi mpaka kikombe. Wengi ni wajane, au wakimbizi wa ndani waliofukuzwa na mauaji ya Beni na Mbau, au, tangu waasi wa M23 walipoteka Kanyabayonga Juni 2024 na kusonga kaskazini katika eneo la Lubero, wale waliofika Butembo bila shamba. Mtaji wa pipa moja la kasiksi ni mdogo, na faida yake ndiyo ada ya shule. Galoni likimwagwa mtaroni mbele ya majirani, kama inavyofanyika wakati wa operesheni za polisi dhidi ya pombe, kinachomwagwa ni mtaji wote. Wiki inayofuata mwanamke huyo hupika tena, ila safari hii anapika kanyanga badala ya kasiksi, kwa sababu kanyanga ni ndogo kwa ujazo, inadumu, inafichika na inalipa zaidi. Operesheni isiyotofautisha pombe ya kuchachuka na pombe ya kuchemshwa inawasukuma wapishi kutoka ile dhaifu kwenda ile kali. Hili ndilo kosa la gharama kubwa zaidi katika amri za aina hii, na halihitaji fedha kusahihishwa, ni maneno mawili tu katika maandishi ya amri.

Makanisa yana sauti kubwa upande wa ukali. Jumuiya za Kiprotestanti, CBCA ya Wabatisti ikiwa mbele, na Waadventista, huwataka waumini wao wasiguse pombe kabisa. Kanisa Katoliki, lenye wamisionari Waasumpsioni waliofika eneo hili 1929, limekuwa na mkono mlegevu zaidi kwa kasiksi, mradi ulevi usitawale. Kauli za wachungaji zina uzito kwa meya anayetafuta kukubalika, na amri ya pombe ni moja ya chache ambazo mtawala asiyechaguliwa anaweza kutoa na kupigiwa makofi. Vyama vya vijana na makundi ya shinikizo, hodari wa kuitisha siku za mji mfu, za kusimamisha shughuli zote, dhidi ya serikali, mara nyingi huunga mkono makatazo haya pia. Upinzani hutoka kwa wenye nganda, ambao hawapendi kuonekana.

Sheria ambayo ingeweza kuwaunganisha wote imo tayari katika vitabu. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, anayehesabiwa kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, inamlinda dhidi ya kupewa pombe. Haimzuii mtu mzima, haifungi biashara ya mtu yeyote, na haina haja ya amri ya kutotoka nje. Lakini kuitekeleza kunataka kitu ambacho operesheni haikitoi: muuzaji anayejulikana, mwenye kibali kinachoweza kunyang'anywa. Aliyepata kibali kwa fedha yake ana sababu ya kumkatalia mtoto. Anayeuza kwa kujificha hana.

Kenya ilichagua njia ya kibali. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, iliyopewa na wananchi jina la mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliruhusu baa kufungua saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana siku za mapumziko. Sheria hiyohiyo ilihalalisha chang'aa, iliyokuwa imekatazwa kwa miongo mitatu, kwa sharti la viwango na chupa. Baadaye utoaji wa leseni ukaangukia kaunti 47, zenye mabaraza ya kuchaguliwa. Rushwa ya polisi haikuisha, na vifo vya 2014 vilitokea sheria ikiwa kazini. Tofauti yake na Kivu ni kwamba mwenye baa wa Kisii au Kwale ana ofisi ya kuiendea, kamati ya kuilalamikia, na diwani wa kumnyima kura.

Kuhusu saa peke yake, mfano unaotajwa sana duniani ni wa Diadema, mji wa viwanda pembeni mwa São Paulo, Brazil. Mwaka 2002 ulilazimisha baa zifungwe saa tano usiku, na utafiti uliofuata ulikadiria kwamba mauaji yalipungua kwa karibu tisa kila mwezi. Wenye kutunga amri hupenda mfano huu, ila sehemu yake ya pili hupotea njiani. Diadema ilichunguza kwanza ni wapi na saa ngapi watu wanauawa, ikawaeleza wenye baa mmoja mmoja kwa miezi kabla ya tarehe ya kuanza, na ikatuma wakaguzi waliolipwa na mji, waliokuwa na orodha ya leseni mkononi. Afrika Kusini ilipokataza pombe yote Machi 2020, vitanda vya majeruhi vilipungua hospitalini katika wiki za mwanzo, na soko la magendo likakua sambamba. Mifano yote miwili inaonyesha kwamba kubana pombe hupunguza majeraha. Inaonyesha pia kwamba muda wa faida hiyo unategemea kama mnywaji ana njia ya pembeni, na Butembo ina nyingi.

Hali ya vita imeongeza jambo moja. Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa mkoa ulihamia Beni, pamoja na gavana wa kijeshi Evariste Somo Kakule, ofisi, magari na watumishi wake. Mji wa mpakani mwa msitu ukawa makao ya muda ya mkoa, wenye watu wengi zaidi, fedha zaidi usiku, na wanajeshi zaidi katika nganda zilezile. Gavana na meya sasa wamo katika mji mmoja, na amri za ngazi mbili hukutana katika mtaa mmoja. Kwa upande wa silaha hilo lina faida: kumkataza askari kuingia nganda na bunduki ni amri ya kijeshi, inayopaswa kutekelezwa na polisi wa kijeshi dhidi ya watu wao, si na mhudumu wa baa mwenye miaka ishirini anayelazimika kumhudumia ili asipigwe.

Vyombo vya kazi iliyobaki vipo. Ofisi ya udhibiti wa ubora, OCC, ina jukumu la kupima bidhaa zinazoingia na zinazotengenezwa nchini. Kipimo cha methanoli hakihitaji maabara kubwa. DGDA iko Kasindi, ambako lori la pombe kali husimama lipende lisipende. Komini nane za miji hii, nne Butembo na nne Beni, zina wakuu wa mitaa wanaowajua wapishi wa kanyanga kwa majina na hata kwa siku wanazowasha moto. Ikiwa kibali cha mwaka cha kasiksi kingegharimu chini ya kile kinacholipwa mlangoni kwa wiki chache, wapishi wengi wangekichukua, na daftari la vibali hivyo lingempa meya, kwa mara ya kwanza, orodha ya nani anauza nini na wapi.